Unga Chini ya Mpingo

Kuku ndio waliojua kwanza. Kwa miaka sita kuku wa Mwaisha walikuwa wakitaga kwenye maranda yaliyorundikana chini ya keezo la mumewe mkereza mbao, maana maranda yana joto, na kila asubuhi alikuwa akiokota mayai humo bila kuyatafuta. Siku ule mpingo mpya ulipoanza kukerezwa, kuku wakahama wote. Wakaenda kutaga jikoni kwenye majivu, na ukimbeba mmoja kumrudisha analia kama aliyeona kisu. Mwaisha akatia mkono kwenye maranda kutazama kama mna nyoka. Hamkuwa na nyoka. Yalikuwa yamelowa. Mti ulikaushwa kivulini miezi saba, ukiugonga unalia kama kengele, na maranda yake yamelowa, yananuka tope la mtoni.

Alipomwambia mumewe, mumewe akacheka, akasema kuku wana akili za kuku.

Mumewe aliitwa Thabiti, na Mikindani yote ilimjua. Alikuwa na mikono mizuri na maneno matamu, vitu viwili ambavyo mwanamke mwenye bahati huvikuta kwa watu wawili tofauti. Keezo lake lilikuwa uani, chini ya kibanda cha makuti: gogo linabanwa kati ya ncha mbili za chuma, ukanda wa ngozi unazungushwa kwenye gogo, mmoja anavuta ukanda huku na huku ili gogo lizunguke, mwingine analishikia patasi. Ni kazi ya watu wawili. Wakereza wengine huajiri mvutaji. Thabiti alioa.

Mwaisha hakuona ubaya. Mume anakata, mke anavuta, wanatazamana kutwa nzima. Jirani yao Bi Hadija, muuza vitumbua, ambaye habari za mji zilikuwa zikilala kwake kabla ya kufika kwa wenyewe, alisema hajapata kuona ndoa ya watu wanaotazamana namna ile, na kwamba yeye na marehemu wake walitazamana siku ya harusi tu, tena kwa bahati mbaya.

Ule mpingo ulitoka mbali. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, Wazungu wanajenga bandari kule Mtwara, kila mwenye shoka kaajiriwa kukata miti, na mpingo wa karibu uliobaki ni ule uliopinda, ukiukata ndani una shimo. Thabiti alitaka mti wa kutoa matendegu manne, miguu ya kitanda, mnyofu, mweusi mpaka moyoni, usio na ufa. Mteja mkubwa wa Lindi, alisema. Akamchukua Selemani, mdogo wake Mwaisha, aliyeyajua mapori ya Ruvuma tangu alipokuwa akikata nguzo, wakashika njia ya Naliendele kwenda kusini. Waliporudi, safari ile iliwatosha kwa mazungumzo ya barazani wiki nzima: jinsi walivyopita mti hata mti wakigonga kwa kisogo cha shoka na kutega sikio, kwa kuwa mpingo wenye shimo hujibu kama mtungi na mpingo mzima hujibu kama chuma, jinsi walivyobandua gome kwa ncha ya kisu kutazama weupe unaishia wapi, jinsi walivyokata tamaa mara tano, na jinsi walivyoukuta mmoja karibu na Kitaya, mahali ambapo mto unaanza kunuka bahari, umesimama peke yake, umenyooka kama uliopimwa kwa uzi, na chini yake hakuna jani wala sisimizi. Hapo Selemani alikuwa akinyamaza, na Thabiti ndiye aliyemalizia. Tukaukata, tukarudi.

Tendegu la kwanza lilichukua siku tatu. Mpingo mwingine ukizunguka huvuma kama nyuki. Huu ulikuwa ukipumua, ukivuta pumzi ukanda unapokwenda na kuishusha ukanda unaporudi, na Mwaisha akajikuta naye anapumua pamoja nao. Lilipokwisha alitaka kuinuka, na mguu wake wa kushoto ukabaki pale pale ulipokuwa. Haukuuma, wala haukufa ganzi. Ulikuwa wake kwa kuutazama tu.

Thabiti akaukanda kwa mafuta ya nazi, akasema ni baridi yabisi, na kwa kuwa kuvuta ukanda ni kazi ya kuketi, wakaanza tendegu la pili. Lilipokwisha ukaenda mguu wa kulia. La tatu Mwaisha alisema hawezi, basi akaitwa Selemani akae kwenye kigoda cha dada yake avute. Aliuvuta ukanda siku tatu bila kumtazama dadake hata mara moja, yeye aliyekuwa hapiti mlangoni bila kumtania. Jioni ya siku ya tatu Mwaisha alikuwa ameegemezwa ukutani, anakoroga mchuzi, na mkono wake wa kulia ukaanguka mapajani pamoja na upawa. Thabiti akautazama mkono. Akalitazama tendegu. Kisha akaenda kunawa, na asubuhi yake akaondoka kwenda Lindi kumwona mteja, gogo la nne akaliacha limebanwa kwenye keezo, halijaguswa.

Siku ya pili yake, adhana ya adhuhuri imekwisha kulia, wanaume wako msikitini, jua liko utosini na uani hakuna kivuli hata cha kujificha mjusi, Mwaisha akasikia ukanda unavutwa. Alikuwa ukutani kwenye mkeka wake, hana mguu wa kumwinua, ana mkono wa kushoto tu, na mbele yake, hatua kumi hazifiki, lile gogo la nne likaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, likipumua ile pumzi yake, na patasi imesimama hewani inalila gogo bila mkono wa kuishika, na maranda yanaanguka mabichi, na harufu ya tope inampanda puani mpaka anaionja ulimini, na kwenye kigoda, kile alichokikalia miaka sita, ameketi mwanamke aliyempa mgongo, amejifunga kanga ya maua mekundu, ile ile ambayo Mwaisha alikuwa ameivaa wakati ule ule, naye anavuta ukanda huku na huku na bega la kulia analishusha kidogo, kama Mwaisha alivyokuwa akilishusha lake, na Mwaisha alipofungua kinywa apige kelele, yule mwanamke akaacha kuvuta, akainamisha kichwa pembeni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sauti haikutoka. Watu waliporudi msikitini keezo lilikuwa kimya, na gogo lilikuwa na mfereji mpya wenye upana wa vidole viwili.

Bi Hadija alipoleta vitumbua vya jioni, Mwaisha alimnong'oneza yote, naye akasikiliza asikatize, jambo ambalo Mikindani haikuwa imelishuhudia. Kisha akasogeza mkeka karibu.

"Mwenzangu, nimeficha kitu, na kuficha si kazi yangu, kimenivimba tumboni. Lile la Lindi si mteja. Ni posa."

"Posa ya nani?"

"Binti anaitwa Rehema. Baba yake kasema mwanawe halali kitanda cha kamba. Anayemtaka alete cha mpingo, matendegu manne, meusi tititi. Mji mzima unajua, shoga yangu. Na wewe unavuta ukanda."

Mwaisha hakulia. Alikuwa akikumbuka kwamba tendegu la kwanza alilivuta huku anaimba.

Bi Hadija ndiye aliyekwenda Chikongola kumleta Bi Mwanakombo, fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye kuvuta ugoro na kupiga chafya katikati ya dua. Mlango ukafungwa, ubani ukatiwa motoni, Mwaisha akafunikwa shuka juu ya chetezo. Yaliyosemwa kwa kinywa chake yeye hakuyasikia. Alipozinduka alimkuta Bi Hadija amebanana na mlango, na fundi anafunga vitu vyake bila haraka.

"Hakukuvamia," fundi akasema. "Jini huyu hakuingia kwa nguvu. Anasema aliombwa mti, akatoa mti, akapewa mtu. Kila tendegu ni kiungo kimoja. La nne likiisha, na wewe umekwisha."

"Mume wangu kanitoa."

"Mume hawezi, mwanangu. Mume ni mpita njia, hata akikutaja kutwa hasikiki. Anayesikika ni wa tumbo moja nawe. Una ndugu?"

Alikuwa naye mmoja. Mama yao, Bi Somoe, alikuwa Mmakonde wa Naliendele, na kwa watu wake ukoo huhesabiwa kwa mama, na ndugu wa kiume ndiye ngao ya dada yake: akigombana na mume, akiugua, akifiwa, wa kwanza kuitwa ni huyo. Tangu babu zao hajapata kusikiwa dada aliyehitaji kujikinga dhidi ya ngao yake.

Selemani alikuja kesho yake na kichane cha ndizi. Alipoulizwa hakukana, yaelekea alikuwa akisubiri kuulizwa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mwenye pori lile, mzee wa Kitaya, aliwaonyesha desturi yao. Jioni unamimina unga wa muhogo chini ya mti, unasimama kama kichuguu kidogo. Ukiamka ukaukuta umesimama, mti umepewa. Ukiukuta umeporomoka, shika njia yako. Wao waliukuta umeporomoka. Wakamimina tena, ukaporomoka tena. Ndipo yule mzee akawaambia kwamba mti huu hautoki kwa unga mtupu, unataka jina la mtu na la mama yake, litajwe na wa tumbo lake. Akawashauri warudi kwao. Thabiti hakuwa na ndugu duniani. Akamtazama Selemani. Selemani akapiga magoti, akataja.

"Kwa nini?" Mwaisha akauliza.

"Nilichoka, dada. Siku tisa tunatembea, miguu imevimba. Nilitaka kurudi nyumbani. Nilidhani ni maneno ya watu wa porini tu."

"Ulijua kitanda ni cha nani?"

Selemani akazitazama ndizi. "Nilijua."

"Lako ulilitaja kwanza?"

Selemani akainua macho. Uso wake ndio uliojibu: mpaka dakika ile, wazo hilo halikuwa limempitia kichwani hata kwa kupotea njia.

Bi Hadija alitaka kumwagia lile gogo mafuta ya taa. Fundi akamzuia, akasema ukiuchoma mti umemchoma aliyetajwa. Jina lililokwisha tolewa halifutwi, hubadilishwa. Aliyelitoa, au yeyote wa tumbo lile, arudi kwenye kisiki, amimine unga, ataje jingine la tumbo lile lile, na la haki kulitaja ni lake mwenyewe. Selemani akalia, akaapa kwa ziwa alilonyonya, akafungiwa unga kwenye kitambaa, akaondoka.

Kila adhuhuri ukanda ulivutwa. Mwaisha aliwaomba watu wasimwache peke yake saa ile, wakakaa naye, na waliokaa hawakuona kitu ila gogo linalozidi kuwa jembamba kila wakipepesa macho. Kila baada ya siku mbili kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikamuaga. Kwanza kile kidogo, kisha cha pete, kisha cha kati. Njia ya siku tatu Selemani aliiendea siku nane, na siku ya nane Mwaisha alikuwa amebakiwa na dole gumba, na gogo limebakiwa na kichwa tu kuwa tendegu kamili, na jua likapanda, adhana ikalia, wanawake wakashikana mikono, kile kigoda kikalia kama kinakaliwa, ukanda ukakazika, ukakaa hivyo muda ambao baadaye kila mmoja aliusimulia kwa urefu wake, kisha ukalegea ukaanguka.

Sisimizi wakamtembea Mwaisha miguuni. Akasimama. Akaanguka sijida akalia, lakini hakujililia yeye, alimlilia mdogo wake aliyelala huko porini hana mguu wala mkono wa kulia kwa ajili yake. Akamsamehe hapo hapo. Akafagia chumba cha mbele, akatandika, akasema Selemani ataletwa kwa machela na yeye atamlisha kwa mkono wake mpaka mmoja wao afe. Akapika kisamvu cha nazi, alichokipenda.

Siku ya nne Selemani akaingia uani kwa miguu yake, na mkononi ananing'iniza samaki wawili.

Mwaisha akamtazama miguu. Akautazama ule mkono wa kulia ulioshika ugwe wa samaki.

"Umemtaja nani?"

"Umepona, dada. Mshukuru Mungu."

"Selemani. Tumbo letu lina watu watatu tu."

"Mama ameshazeeka," akasema, taratibu, kama anayemweleza mtu njia. "Amekula chumvi ya kutosha. Mwaka huu hata muhogo wake hakuupalilia vizuri."

Mwaisha akampita. Alitoka kama alivyo, akatembea mpaka Naliendele kwa miguu ambayo kila hatua alijua imelipwa na nani. Akamkuta Bi Somoe chini ya mkorosho wake, kando ya mihogo aliyokuwa akiimenya, kisu kingali mkononi, mkono hauna habari nacho. Majirani walikuwa wamemtilia mto kichwani, maana tangu alipoanguka siku nne nyuma alikataa kuhamishwa. Mama alidhani ni uzee. Akamwomba bintiye radhi kwamba hakumwandalia chakula.

Mwaisha akachota unga kwenye kitunga cha mama yake mwenyewe. Siku mbili na nusu akawa Kitaya. Kisiki alikijua kabla ya kuonyeshwa, kwa harufu; kilikuwa kimelowa, na karibu nacho hapakuwa na mdudu. Jua lilipokuwa linazama akapiga magoti, akamimina unga, ukasimama kichuguu. Akasema, "Selemani, mtoto wa Somoe." Nyuma yake kitu kikashusha pumzi, kama mgeni anayewekewa chakula. Hakugeuka. Alfajiri unga ulikuwa umesimama, umande haujaugusa.

Yule jini hakuwa tena na kazi ya kutafuta watu. Alikuwa akiletewa mlangoni, na unga juu.

Na Thabiti je? Hakuna kilichomgusa. Asiye na ndugu hana wa kumtoa. Bi Hadija alizipata habari zake zote: hakurudi Mikindani kuchukua matendegu, na kule Lindi alimwoa Rehema wake juu ya kitanda cha kamba cha kuazima, ambacho kilikatika siku ya tatu, na mkwe wake akasikia kutoka chumba cha pili.

Mwaisha aliporudi Naliendele alimkuta mama yake ameketi barazani, mzima, miguu ameikunja kama msichana, na mapajani pake kimelala kichwa cha Selemani. Alikuwa amemfuata mama yao kuomba chakula, akaangukia kizingitini. Bi Somoe alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko, na kila kijiko anakipuliza kwanza.

"Aliponitaja nilisikia," mama akasema, hakuinua macho. "Ukitajwa na uliyemzaa unasikia, hata awe mbali vipi. Nikakubali. Nilikuwa nimekubali, Mwaisha. Wewe nani alikutuma?"

"Alinitoa mimi kwanza, mama."

"Wewe ni mkubwa. Nilipokwenda shamba nilikuachia nani mgongoni? Huyu."

"Mama, alinitoa."

"Nimesikia," Bi Somoe akasema.

Akakifuta kinywa cha mwanawe kwa ncha ya kanga. Akakilaza kichwa chake juu ya mkeka, polepole. Akainuka kwa miguu ile aliyorudishiwa, akajifunga kanga kiunoni fundo la safari, akachota unga kwenye kitunga, konzi moja, ya pili, akafunga kwenye kitambaa, akashuka uani akashika njia ya kusini. Mwaisha akasimama mlangoni akamuuliza anakwenda kumtaja nani. Akamuuliza mara ya pili, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Bi Somoe hakugeuka, na kwa umri wake alikuwa akitembea upesi.

Wako waliosema amekwenda kulirudisha jina lake mwenyewe, maana mama ni mama. Wengine walisema mama ni mama, wakaishia hapo hapo.

Siku ya tatu, jua lilipokaribia utosini, Mwaisha alimnywesha Selemani maji, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu yake mbele kwenye mwanga, na akawa anavichezesha vidole, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo cha kushoto.